Kiwanja cha mlimani: jinsi ya kukagua udongo na mteremko kabla ya kuchimba msingi

Kiwanja chenye upepo na mandhari huuzwa haraka kwa mgeni, na mara nyingi wenyeji wa palepale hawakuwa wamekitaka. Pita Goba, Kinyerezi au Kimara, jijini Dar es Salaam, mwezi wa nne uone nyumba zilizosimama ukingoni mwa makorongo: viroba vya mchanga vimepangwa chini ya ukuta wa nyuma, matairi chakavu yamefukiwa kwenye ngema, na bomba la choo linaning'inia hewani kwa sababu udongo uliokuwa umelifunika umeshaondoka. Wenye nyumba hizo hawakuwa wazembe. Walikagua hati, waliuliza nguzo ya umeme iko wapi, walipima mipaka. Ila kiwanja cha mlimani hukaguliwa pia kwa sululu, na hilo hawakuambiwa.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida: ya chini, tofali za saruji, paa la bati. Sehemu kubwa ya kazi utaifanya wewe na vijana wawili wenye nguvu kwa siku mbili tatu. Kama unajenga ghorofa, mhandisi ni lazima tangu mwanzo, lakini bado soma habari za maji, kwa sababu karibu kila mteremko niliouona umeondoka, uliondoka na maji.

Anza kwa majirani

Usilipe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujatembea mtaa mzima, na ikiwezekana nenda wakati wa mvua. Pwani na Morogoro, masika ni Machi hadi Mei, na vuli huja kuanzia Oktoba. Kiwanja kilichokauka Agosti hakina la kukuambia. Dalali anajua hilo, ndiyo maana Agosti ana haraka.

Tafuta mtu aliyekaa hapo miaka mingi, si aliyehamia mwaka jana. Siku moja nilikuwa nasindikiza rafiki kuona kiwanja chini ya milima ya Uluguru, Morogoro, nikamkuta bibi anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kwa kile cha pale chini ya mwembe?"

"Ndiyo, bibi. Kikoje?"

Akaendelea kupepeta. "Kizuri. Sisi tulikuwa tunachota maji pale."

Basi. Mahali watu walipochota maji pana chemchemi, na chemchemi haihami kwa sababu kiwanja kimepimwa. Waulize majirani mambo ya wazi: maji ya mvua hupita wapi? Kuna mwaka udongo ulishuka? Shimo la choo hujaa masika? Milango ya nyumba hugoma kufunga miezi fulani? Hapa palikuwa nini zamani: shamba, machimbo ya mchanga, dampo? Kunduchi, kwa mfano, watu wamechimba mawe na kokoto kwa miongo mingi, na si kila shimo la zamani bado linaonekana kuwa shimo. Ukiwa nyumbani, fungua Google Earth uangalie picha za miaka ya nyuma za eneo hilo. Korongo lililofukiwa huonekana vizuri kwenye picha ya zamani, na ukisogeza miaka utaona pia linatanuka kwa kasi gani.

Soma mteremko kabla ya kuupima

Simama chini kabisa ya mteremko, uangalie juu, kisha panda polepole. Dalili za ardhi inayotembea ni hizi ninazozitafuta kwanza.

Miti iliyopinda chini kabisa halafu ikanyooka kwenda juu, kama bakora iliyogeuzwa. Mti hukua wima, kwa hiyo shina likipinda pale chini, ardhi ilikuwa inasogea mti ukiwa mdogo. Mti mmoja si hoja, lakini kumi iliyopinda upande mmoja ni ushahidi. Nguzo za umeme na uzio ulioegama kuelekea bondeni huonyesha jambo lilelile, tena la karibuni zaidi.

Nyufa za umbo la mwezi mchanga upande wa juu wa mteremko. Hizi ndizo mbaya kuliko zote, maana kipande kizima kimeshaanza kuachana na mlima na kinasubiri mvua. Ukiziona, hakuna haja ya kuendelea na ukaguzi. Tafuta kiwanja kingine.

Chini ya mteremko, angalia kama ardhi imevimba kama tumbo. Katikati, angalia bonde dogo lenye umbo la upawa, juu limechotwa na chini limejaa. Huo ni mporomoko wa zamani uliofunikwa na nyasi, na udongo ulioshuka mara moja hubaki dhaifu. Angalia pia kipande cha kijani kibichi wakati wa kiangazi, matete au mafunjo pasipo na mto, na udongo wenye unyevunyevu unaotoka kwenye ukuta wa korongo. Yote hayo ni maji yaliyo chini.

Halafu inua macho uangalie mbali kuliko mpaka wako. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Mji wenyewe uko chini ya mlima, si juu yake. Kwa hiyo kiwanja chako kinaweza kuwa sawasawa kama meza, lakini kama kipo mdomoni mwa korongo linaloshuka kutoka mlimani, hiyo ndiyo njia ya tope. Mawe makubwa yaliyotapakaa mahali tambarare, pasipo na mwamba karibu, hayakuletwa na mtu.

Pima mteremko kwa kamba na pima maji

Huhitaji mpima ardhi kwa hatua hii. Piga kigingi upande wa juu, funga kamba usawa wa ardhi, ivute mita 3 kuelekea chini huku mwenzako akiangalia pima maji ikae katikati. Kisha pima kutoka kwenye kamba hadi ardhini. Ukipata sentimita 30, mteremko ni asilimia 10. Sentimita 60 ni asilimia 20, sentimita 90 ni asilimia 30. Rudia kutoka juu hadi chini ya kiwanja na uandike kila kipimo, maana wastani hudanganya: kiwanja cha asilimia 12 kinaweza kuwa na kipande cha 40 katikati.

Mimi hufanya hivi: chini ya asilimia 10, ninaendelea bila wasiwasi mkubwa. Kati ya 10 na 20, msingi utakuwa wa ngazi na gharama itapanda. Kutoka 20 hadi 30, namwita mhandisi kabla ya kununua. Zaidi ya 30, sinunui bila ripoti yake mkononi, hata kiwanja kiwe bei ya chee.

Kuhusu umbali kutoka ukingoni, kanuni za majengo za Marekani zina kipimo rahisi kwa miteremko iliyozidi asilimia 33. Nyumba iliyo juu ya ngema, msingi wake ukae mbali na uso wa mteremko kwa theluthi ya kimo cha mteremko huo, ila haihitajiki kuzidi mita 12. Nyumba iliyo chini, ikae mbali kwa nusu ya kimo, hadi karibu mita 4.6. Kwa udongo wetu wa kichanga wa vilima vya Dar, unaomegwa kila masika, hicho nakihesabu kuwa kiwango cha chini kabisa, na mwendo wa korongo nauongeza juu yake. Kama picha za zamani zinaonyesha linamega mita moja kwa mwaka, piga hesabu ya miaka unayotaka kuishi humo.

Na kama ni kando ya mto, ziwa au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Muuzaji atakwambia "wote wamejenga". Ni kweli, na wote wako kwenye orodha ileile siku bomoabomoa ikija.

Chimba mashimo matatu

Hapa ndipo penye kazi. Mawili kwenye pembe zinazotazamana, moja upande wa chini ambako uzito wa nyumba utasukuma. Yachimbe nje ya mstari wa kuta. Ukichimba pale ukuta utakapopita, utakuwa umejitengenezea kifusi chini ya msingi wako mwenyewe.

Kila shimo liwe mita 1 kwa mita 1.2 kwa upana, na uchunguzi ufike angalau mita 2 kwenda chini. Lakini mtu asiingie kwenye shimo lililozidi mita 1.2 bila kuta zake kuegemezwa kwa mbao au juu kupanuliwa kwa ngazi. Udongo wa kichanga humeza mtu bila kelele, na mita moja ya ujazo ina uzito wa gari dogo. Kwa kina kinachobaki, tumia keekee ya udongo ya mkono.

Kijana akitoa udongo, usimwage lundo moja. Panga kila sentimita 30 rundo lake, kwa mstari, juu hadi chini. Ukimaliza utakuwa na ramani ya ardhi yako imelala kwenye nyasi. Sasa isome:

- Nyekundu au kahawia ya aina moja: maji hupita na hewa hufika. Mara nyingi ni habari njema.
- Kijivu chenye mabaka ya kutu: maji husimama hapo sehemu ya mwaka, hata kama leo pamekauka.
- Nyeusi, inayong'aa ukiikata kwa panga na inayopasuka ikikauka: udongo wa mbuga. Nitarudi kwake.
- Mchanganyiko usioeleweka, vipande vya tofali, mifuko ya plastiki, vigae: kifusi. Endelea kuchimba mpaka ukifikie kilichokuwa ardhi. Usijenge juu ya kifusi ambacho hukukiona kikishindiliwa.

Ukuta wa shimo una habari zaidi ya marundo. Tafuta mpaka kati ya tabaka laini la juu na gumu la chini, hasa mpaka unaoinama kufuata mteremko. Kichanga juu ya mfinyanzi ni utelezi uliojengewa tayari: maji hupenya mchanga, hugota kwenye mfinyanzi, halafu husafiri juu yake kuelekea bondeni. Kama mpaka huo una unyevu na juu yake ni pakavu, umepata jibu ulilokuja kulitafuta.

Acha shimo moja wazi usiku mzima, limezungushiwa miba au mabati ili mtoto asitumbukie. Asubuhi angalia kama maji yameingia na yameishia wapi.

Udongo mkononi

Bonyeza ukuta wa shimo, ukiwa na unyevu wake wa asili, kwa kidole gumba kwenye kina ambacho msingi utakaa. Kikizama sentimita 2 au zaidi bila shida, ni mfinyanzi laini. Kikiacha alama kwa kukaza, ni wa kati. Kikiacha alama hafifu tu, ni mgumu. Kwenye mchanga tumia nondo ya milimita 12: ikizama kwa kusukuma kwa mkono, mchanga ni legevu.

Kwa nini hili linatosha kuanzia? Ukuta wa nyumba ya chini, pamoja na paa lake la bati na msingi, hubeba takriban tani 2 hadi 4 kwa kila mita ya urefu. Kwenye msingi wa upana wa sentimita 60, hizo ni kama tani 3 hadi 7 kwa mita ya mraba. Udongo wa kati na mgumu hubeba hayo bila kulalamika. Mfinyanzi laini na kifusi ndivyo hushindwa, na hushindwa upande mmoja kabla ya mwingine, ndipo nyufa za mshazari zinapotokea kwenye pembe za madirisha.

Kujua kama ni mchanga au mfinyanzi, lowanisha donge, likande kama ugali, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Ukipita sentimita 5, ni mwingi.

Udongo wa mbuga unahitaji kipimo chake. Upo sana Shinyanga na nchi tambarare nyingi, na haufungamani na mlima, lakini hata mguuni mwa mlima hukusanyika. Huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, nyumba inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Chukua bomba la plastiki la inchi moja, kata kipande cha sentimita 10, kipasue nusu kwa urefu, ziba ncha zote mbili, paka ndani mafuta ya kupikia. Jaza tope zito lisilo na mawe, gonga mezani hewa itoke, sawazisha. Liache kivulini siku mbili tatu, halafu juani mpaka likauke kabisa. Sasa pima pengo kati ya udongo na ncha za bomba. Likizidi sentimita 1 kwa jumla, chukulia kuwa ni udongo unaovimba, na msingi wa kawaida wa fundi haufai hapo. Utahitaji kuuondoa na kujaza moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, au kushuka chini yake, au kumwaga jamvi la zege lililosukwa nondo chini ya nyumba nzima. Uchaguzi huo ni wa mhandisi, si wa mjadala kijiweni.

Mwanza kuna tatizo la namna nyingine. Watu huona jiwe wakasema "hapa ni mwamba, hakuna shaka". Jiwe kubwa kama nyumba linaweza kuwa limekaa juu ya udongo tu. Chimba pembeni mwake uone kama linaendelea chini au lina tumbo la mviringo. Lenye tumbo, usilijengee na usijenge chini yake.

Wakati wa kumwita mwenye vifaa

Kama mteremko umezidi asilimia 20, au mashimo matatu yamekupa majibu matatu tofauti, lipa upimaji. Kifaa cha kwanza ni DCP: fimbo ya chuma yenye ncha ya koni ya milimita 20, na nyundo ya kilo 8 inayoanguka sentimita 57.5. Mmoja anashika wima, mmoja anainua nyundo na kuiachia, wa tatu anaandika imezama milimita ngapi kwa kila pigo. Kwenye udongo mzuri chuma hulia kikavu na mwendo ni milimita kumi na kitu. Kikifika kwenye kifusi au mfinyanzi laini, mlio unakufa na fimbo inashuka milimita 50 kwa pigo moja. Simama hapo uangalie mwenyewe. Usisubiri karatasi.

Maabara za udongo zipo vyuoni na TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Wape sampuli kutoka kina cha msingi na kina cha chini yake, zikiwa zimefungwa kwenye plastiki mbilimbili ili unyevu usitoke. Sampuli ya kupima nguvu ya udongo kustahimili kukatwa ichukuliwe na wao wenyewe, bila kuvurugwa. Uliza: mchanganuo wa chembechembe, mipaka ya Atterberg (unyevu ambao udongo huanza kufinyangika, na ule ambao hugeuka tope), uvimbaji, na nguvu ya udongo kustahimili kukatwa. Kisha mhandisi akokotoe uthabiti wa mteremko, yaani nguvu zinazoshikilia zigawanywe kwa zinazosukuma. Kwa makazi ya kudumu hutafutwa 1.5 au zaidi. Muulize swali moja tu: umekokotoa udongo ukiwa mkavu au umelowa? Akisita, mlipe alichofanya na umtafute mwingine. Hakikisha pia amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Maji utakayoyaleta wewe

Mteremko unaweza kuwa umetulia miaka mia, ukaja wewe na paa, choo na bustani. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 150 ni lita 7,500 kwa mara moja. Kabla hujajenga, maji hayo yaliingia ardhini tone kwa tone. Sasa yanamwagika kwenye pembe nne.

Kwa hiyo panga njia ya maji kabla ya ramani ya vyumba. Upande wa juu wa nyumba chimba mfereji wa kukinga unaopeleka maji pembeni, uujengee, na uishie kwenye mtaro wa barabara au mkondo wa asili, si kwa jirani wa chini. Maji ya paa yaingie kwenye gata na tangi.

Shimo la kunyonya maji machafu ndilo hufanya vitimbi kimyakimya. Watu huliweka upande wa chini, karibu na ukingo, kwa sababu maji hushuka yenyewe. Ni sawa na kumwagilia mteremko mahali unapobeba nyumba. Lipime kwanza: chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande, kijaze maji, kiache kinywe usiku kucha, asubuhi jaza tena na upime muda. Kushuka sentimita 2.5 kukizidi saa moja, shimo la kunyonya halitafanya kazi hapo. Kukiwa haraka mno kwenye kichanga karibu na ngema, maji yatatokea usoni mwa ngema, na hilo ni baya vilevile.

Kukata na kujaza

Kijiko kikija, dereva atakata upande wa juu na kumwaga upande wa chini, jioni una uwanja wa mpira. Niliwahi kuingia sebule moja Kinyerezi iliyojengwa hivyo. Ufa ulikuwa umepita sakafuni kutoka mlangoni hadi jikoni, mstari mnyoofu kabisa, na sarafu ya shilingi 200 ilizama ndani yake. Upande mmoja wa ufa ulikuwa umekaa kwenye ardhi iliyokatwa, mwingine kwenye ardhi iliyojazwa. Fundi alikuwa ameuziba mara tatu.

Nyumba nzima ikae upande uliokatwa, au misingi yote ishuke hadi udongo wa asili. Kama lazima ujaze, ondoa nyasi na udongo wa juu, kata ngazi kwenye mteremko ili ujazo usiteleze, jaza tabaka za sentimita 15 hadi 20 na kila moja ishindiliwe kwa mashine. Ukuta wa kuzuia udongo uwe na kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji chini. Ukuta bila matundu ni bwawa, na haukujengwa kuwa bwawa. Ukizidi kimo cha mita 1, uchorwe na mhandisi.

Vigingi vya kusubiria masika

Kama umeshanunua na bado una shaka, usijenge mwaka huu. Piga nondo tano kwenye mstari mmoja kutoka juu hadi chini ya mteremko, kila moja izame sentimita 60, na ya juu kabisa iwe mahali unapopaamini, nje ya mteremko. Vichwa vyake vifunge saruji kidogo na uchonge alama ya msalaba. Pima umbali kutoka alama hadi alama kwa tepu ya chuma, si ya kitambaa, uandike tarehe. Nyosha kamba kutoka ya kwanza hadi ya mwisho uone kama zote zimekaa kwenye mstari. Rudia kila wiki mbili masika yote, na kesho yake kila baada ya mvua kubwa. Tofauti ya milimita 2 au 3 ni mkono wako. Ikifika sentimita 1, na wiki mbili baadaye ikaongezeka, mpigie mhandisi kabla ya kuagiza tofali.